Nyama Kwanza, Pilipili Baadaye: Namna ya Kula Choma Kali Ukiwa Sola

Wengi wanaoumizwa na pilipili ya choma huwa wamejiumiza kabla ya pilipili yenyewe kufika mezani. Wamefika na njaa, wameagiza bila kuchagua, nyama imechelewa, na mikono ikakosa subira ikaanza kuchovya ndizi kwenye kibakuli chekundu kilichotangulia. Tumbo halina kitu, na pilipili mbuzi iliyopondwa ndiyo ya kwanza kuingia. Nyama inapofika, ulimi umeshakufa ganzi na mlaji hajui tena anachotafuna. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na kibakuli. Unaanza na nyama.

Sola ni kata katika Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu. Walio mbali huijua zaidi kwa bwawa la New Sola, lile linaloupa mji wa Maswa maji. Barabara ya lami inayoanzia Mwigumbi, upande wa Shinyanga, hupita Maswa, ikaenda Bariadi, kisha ikateremka hadi Lamadi karibu na Ziwa Victoria. Kwa hiyo choma ya huku hailiwi na mwenyeji peke yake: yupo dereva wa lori, mnunuzi wa pamba, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtumishi aliyehamishwa jana, na msafiri anayeelekea Serengeti. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza, lakini ufugaji wake ni wa tangu na tangu. Wasukuma ni watu wa mifugo, na palipo na mnada pana mtu mwenye wavu, mkaa na kisu kikali. Sitakutajia kibanda kimoja na kukiita bora kuliko vyote. Wachomaji huhama, na aliyekuwa hodari mwaka jana huenda leo yuko Bariadi. Nitakueleza jinsi ya kumtambua hodari popote utakapomkuta, na jinsi ya kula pilipili yake bila kuipoteza nyama yake.

Buchani

Choma inayoaminika ina bucha ubavuni mwake, au angalau nyama imetundikwa mahali unapoiona, ukachagua kipande chako kabla hakijakwenda motoni. Fika mapema, tumbo likiwa bado halijaanza kudai, kwa kuwa sehemu nzuri za mbuzi aliyechinjwa asubuhi ndizo zinazotangulia kuisha. Salimia kwanza. Kwa mzee, shikamoo inatosha. Kama unaijua "mwadila" ya mchana, itumie, na ukihudumiwa sema "wabeja". Hutapunguziwa bei kwa hilo, lakini utaambiwa kwa moyo mweupe mbuzi yupi ni wa leo.

Kisha tafuta muhuri wa mkaguzi wa nyama. Usipouona, uliza, na jibu likianza kuzungukazunguka, aga uondoke. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu nchi ya wafugaji ina kishawishi ambacho mjini hakionekani sana: mnyama akifa mwenyewe, mtu huona uchungu kumzika. Kibudu kinaweza kubeba kimeta, ugonjwa unaoua mifugo na watu, na vijimbegu vyake hustahimili joto na hukaa ardhini miaka mingi. Nyama ya namna hiyo haisafishwi na ndimu, haisafishwi na mkaa, na pilipili kali kuliko zote duniani haiigusi hatari yake.

Sasa chagua sehemu. Mbavu za mbuzi ndizo ninazozipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye wavu, kwa sababu zina mafuta membamba yanayoyeyuka taratibu na kuilainisha nyama inapoiva. Paja lina nyama nyingi zaidi, lakini mchomaji mwenye haraka hulikausha. Kwa upande wa ng'ombe, kumbuka kwamba wa huku ni zebu wa kienyeji, mwenye pembe fupi, aliyetembea sana kufuata malisho na maji wakati wa kiangazi. Nyama yake ina ladha nzito na nyuzi ngumu. Usichukue sehemu ya mguu ukategemea muujiza. Omba mbavu, au kama bahati ipo, omba nundu. Nundu iliyochomwa polepole mpaka ukingo wake ukawa wa hudhurungi na ndani mafuta yakabaki laini ni kitu cha kukaliwa kimya.

Bei hutajwa kwa kilo ya nyama mbichi. Ikitoka motoni itakuwa imepungua kwa robo au zaidi, na mfupa bado umo. Watu watatu walioagiza ugali au ndizi hutosheka na kilo moja na nusu. Msipoagiza kitu kingine, ongezeni.

Kipande kizima cha mbuzi au ng'ombe kinahitaji chumvi na moto, basi. Zamani misafara ya Wasukuma ilikwenda kwa miguu hadi Ziwa Eyasi kuchota chumvi, safari ngumu na ya hatari, na anayejua hivyo hawezi kuidharau chumvi iliyonyunyizwa vizuri. Mishikaki ni habari nyingine. Ile hulowekwa kwa tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, hata papai bichi la kuilainisha, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Lakini mbavu zikiletwa motoni tayari zimepakwa rojo la pilipili, huwezi kujua nyama ilikuwa na hali gani kabla ya kupakwa. Omba zako zichomwe kavu na pilipili iletwe pembeni.

Tazama na makaa. Yanatakiwa yawe yameiva, yamevaa majivu meupe, na mkono ukishikwa juu ya wavu uvumilie kwa muda mfupi kabla ya kuondoka. Mafuta yakidondoka na kuwasha miali mikubwa, nyama hupata masizi machungu yanayoshika kwenye koo, na mara nyingi uchungu huo hulaumiwa pilipili bure. Mchomaji mzuri hukisogeza kipande pembeni miali inapoinuka, hukigeuza, huacha kipumue. Mbuzi wa namna hii huchukua saa nzima na zaidi. Usimwite kila dakika tano. Kunywa chai, zungumza na jirani.

Nyama ikifika imekatwakatwa kwenye sinia, na njiti zimechomekwa, kula kipande cha kwanza bila kitu. Bila chachandu, bila kachumbari, bila ndimu. Hapa ndipo penye neno langu lote katika mwongozo huu. Pilipili kali hufunika: hufunika nyama iliyolala, hufunika nyama iliyochomwa na kupashwa mara ya pili, hufunika mafuta yaliyoanza kuvunda. Kibanda kinachosifika kwa ukali peke yake, ambacho hakuna mteja anayeweza kukuambia nyama yake ina ladha gani, hakijakupa sababu ya kukaa. Kadiri pilipili inavyosifiwa, ndivyo kipande kile cha kwanza kinavyozidi kuwa na kazi. Kikiwa kitamu chenyewe, endelea kwa amani. Kikiwa na harufu ya uchachu, au utelezi, rudisha sinia kwa adabu na ueleze sababu.

Kibakuli

Utakachokikuta kwenye kibakuli huwa ni mojawapo ya pilipili mbili. Pilipili kichaa ni ile nyembamba, ndogo, inayochoma papo hapo ukiuma na kisha kuanza kutulia. Pilipili mbuzi ni ile nene yenye mikunjo, ya njano, nyekundu au ya kijani, yenye harufu nzuri ya tunda. Ni ya ukoo mmoja na habanero ya Amerika. Hiyo ndiyo inayowaangusha wageni, kwa kuwa haisemi mapema. Unaionja, unaona ni ya kawaida, unaongeza kijiko, na ukali wa ule mwonjo wa kwanza ndiyo kwanza unapanda.

Kuna kipimo cha ukali kilichobuniwa mwaka 1912 na mfamasia Mmarekani, Wilbur Scoville, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya dawa ya Parke-Davis. Alizimua dondoo la pilipili kwa maji ya sukari, akaendelea kuzimua mpaka waonjaji wasisikie tena mwasho. Siku hizi mashine za maabara ndizo zinazopima, lakini jina limebaki. Kwa kipimo hicho pilipili hoho ni sifuri. Pilipili kichaa hukadiriwa kati ya 50,000 na 100,000. Jamii ya habanero huanzia 100,000 na kufika 350,000. Pilipili iliyoingia katika rekodi za Guinness mwaka 2023, Pepper X ya mkulima Mmarekani Ed Currie, ilipimwa wastani wa 2,693,000. Hiyo hutaikuta Sola, na hukosi kitu. Kumbuka pia kwamba ukali hubadilika hata ndani ya shamba moja, kwa mbegu, kwa jua, kwa ukame. Kibakuli cha wiki iliyopita hakikupi ahadi yoyote kuhusu cha leo.

Kwa hiyo uliza. "Mama, hii ni mbuzi au kichaa? Imepondwa leo?" Maswali hayo mawili yanatosha. La kwanza linakuambia ukali utakuja lini. La pili ni la afya. Chachandu mbichi ya nyanya, kitunguu na pilipili, iliyoachwa wazi juani na kuongezewa maji mchana kutwa, ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana, na ukali wake hauviui kama watu wanavyodhani. Kanda ya Ziwa, Simiyu ikiwemo, imewahi kupigwa na kipindupindu. Usile chachandu wala kachumbari iliyooshwa au kuzimuliwa kwa maji usiyoyaamini. Iliyopikwa ikachemka vizuri, au iliyotiwa siki na chumvi ya kutosha na kufunikwa, ina usalama zaidi. Usidhani tu kwamba kupikwa kumeipoza. Kapsaisini, ile kemikali inayowasha, haiharibiwi na moto wa sufuria. Iliyopikwa huonekana pole kwa sababu imechanganywa na nyanya na mafuta.

Ionje hivi: chovya ncha ya njiti, gusisha ulimini, kisha kaa dakika nzima bila kuongeza. Dakika hiyo ni ndefu na inafaa. Baada ya hapo utajua kama wewe ni wa tone, wa nusu kijiko, au wa kuiacha. Weka kiasi chako kwenye ukingo wa sahani yako mwenyewe na ugusishe nyama kwenye pilipili, upande mmoja tu, ili upande wa pili uguse ulimi ukiwa na ladha ya moshi na chumvi. Anza na vipande vyenye mafuta. Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo kwenye mbavu au nundu hutandazika na kuwa laini, ilhali kwenye mnofu mkavu wa paja hukaa juu kama ilivyo na kukuchoma pale pale. Kamulia ndimu kwenye nyama, siyo kwenye kibakuli cha wote. Nikiwa na mbavu nzuri na chachandu ya pilipili mbuzi iliyopondwa asubuhi hiyo, naona harufu ile ya tunda inainua mafuta ya mbuzi kwa namna ambayo hakuna kiungo kingine kinachoiweza. Ndiyo sababu naitetea pilipili hii dhidi ya wanaoimwagia kila kitu.

Inafaa kujua kwamba pilipili ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika; Wareno ndio walioieneza pwani ya Afrika Mashariki kuanzia karne ya 16. Ugali wa mtama, mlenda, nsansa, matobolwa na karanga, vyakula ambavyo Usukuma imevilea kwa vizazi, havikuihitaji. Mwenyeji akikataa kibakuli, basi, usimcheke. Anakula kama mababu zake walivyokula.

Ukiwaka

Moto unaousikia si moto. Kwenye mishipa ya fahamu ya mdomoni kuna vipokezi vinavyotakiwa kuamka joto linapopita takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Kapsaisini huvishika na kuviamsha bila joto lolote. Maabara ya David Julius, huko California, ilikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, na mwaka 2021 Julius akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Mwili, ukiamini kwamba unaungua, hufanya unachofanya ukiungua: jasho, machozi, kamasi, mate mengi, pengine kwikwi. Ukijua hilo hutaogopa. Hakuna kilichokatika wala kilichobabuka ulimini. Kuna taarifa ya uongo, na itapita.

Dawa ni maziwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, walilinganisha vinywaji mbalimbali dhidi ya mwasho wa kapsaisini. Maziwa yalishinda, na yaliyotolewa mafuta yalifanya kazi sawa na yenye mafuta, jambo linaloelekeza kwenye protini ya maziwa. Kinywaji chenye sukari bila gesi kilisaidia pia. Maji hupoza kwa muda yakiwa mdomoni, lakini kapsaisini haiyeyuki ndani yake, kwa hiyo ukimeza tu mwasho hurudi. Soda na bia zina gesi inayouchokonoa ulimi uliokwisha kuumia. Pombe kali humezwa na watu wanaoamini itayeyusha ukali. Itawaongezea maumivu mara mbili, ya sasa na ya kesho asubuhi.

Uko Usukumani, nchi ya maziwa mgando, na huna sababu ya kuteseka. Agiza kikombe pamoja na nyama, kikae mezani kabla ya kibakuli kufika. Lakini uliza swali moja tena: maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa? Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, ugonjwa wenye homa inayokuja na kuondoka na maumivu ya viungo yasiyoisha kwa miezi, na kuganda peke yake hakuuondoi. Kama hakuna mwenye jibu, nunua ya paketi dukani. Shika funda mdomoni kwanza, lizungushe juu ya ulimi, kisha meza.

Maziwa yakikosekana, chukua tonge kubwa la ugali, wali mkavu, au kipande cha kiazi. Tafuna taratibu ili kifute mafuta ya pilipili ulimini. Kijiko cha sukari kikiyeyukia ulimini kinasaidia. Chai ya moto iache, kwa kuwa joto lake linaamsha kipokezi kile kile. Kwa kawaida ukali hushuka ndani ya robo saa hivi. Mtu akishindwa kupumua vizuri, akivimba midomo au koo, akitapika bila kukoma, akibanwa na kifua au akipata maumivu ya kichwa ya ghafla na makali asiyowahi kuyasikia, msimsubirie maziwa. Mpelekeni kituo cha afya mara moja.

Mikono ndiyo inayosahauliwa. Kapsaisini hushika kwenye vidole na maji ya birika hayaitoi. Tumia njiti kwa nyama iliyochovywa, na mkono mmoja uuache kwa ugali peke yake. Ukimaliza, paka vidole mafuta kidogo ya kula, sugua, kisha osha kwa sabuni mara mbili, hasa chini ya kucha. Fanya hivyo kabla ya kwenda msalani, siyo baada tu. Usiguse jicho, na kama unavaa lensi za macho usizitoe jioni hiyo kabla ya kuosha mara nyingine. Mama anayenyonyesha awe mwangalifu zaidi ya wote, kwa kuwa kidole chake kitakwenda kwenye mdomo wa mtoto.

Kuhusu vidonda vya tumbo, pilipili hulaumiwa kuliko inavyostahili. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha miaka ya 1980 kwamba bakteria Helicobacter pylori ndiye chanzo kikubwa, wakapata Nobel mwaka 2005. Chanzo kingine kikubwa ni matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa za maumivu. Hata hivyo, mtu aliye na kidonda tayari, mwenye kiungulia cha mara kwa mara au mwenye bawasiri, ataumia akila, na mwenye pumu akae upande usiopelekewa moshi wa pilipili inayokaangwa. Hawa wote wanaweza kula choma nzuri kwa chumvi na kachumbari, na hawapungukiwi na chochote.

Sinia ni la wote. Usiimwage chachandu juu ya nyama hata kama kila mmoja mezani ni shujaa. Anaweza kuja mtoto, au mzee aliyesimama kukusalimu na kukaribishwa kipande. Usimtilie mtu pilipili kwa siri ili mcheke. Nimeona mzaha huo ukiharibu meza ya watu waliokuwa marafiki wakati maji ya kunawa yanapitishwa. Na vijana wakianza kushindana nani atameza vijiko vingi, wewe uliyewazidi umri una haki ya kukiondoa kibakuli. Kitakachofuata tumboni mwao usiku hakimpi yeyote heshima.

Ukitaka kuitengeneza mwenyewe

Watu wanne hadi sita wanatoshwa na pilipili mbuzi tatu, nyanya mbili zilizoiva, kitunguu maji kidogo kimoja, punje mbili za kitunguu saumu, ndimu moja na chumvi. Vaa mfuko safi wa nailoni mkononi, au shika pilipili kwa uma. Pasua kila moja na utazame ndani: ule utando mweupe unaoshika mbegu ndio kiwanda cha ukali. Mbegu zenyewe hazitengenezi kapsaisini, hupakwa tu na jirani yao. Ukiondoa utando wote utabaki na harufu na ukali mdogo. Ukiacha wa pilipili moja kati ya tatu, utakuwa na chachandu ambayo wengi mezani wataiweza. Hivyo ndivyo ninavyoipendekeza.

Banika nyanya, kitunguu maji na vitunguu saumu kwenye wavu ule ule wa nyama mpaka ngozi ya nyanya ipasuke na kitunguu kishike weusi kidogo. Pilipili zipitishe motoni kwa muda mfupi tu, tena ukiwa upande unakotoka upepo, maana moshi wake hukohoza nyumba nzima. Ponda pilipili na vitunguu saumu kwa chumvi kwanza, mpaka ziwe laini, ndipo utie kitunguu na nyanya. Usisage kwa mashine mpaka ikawa maji. Vipande vidogo vinavyoonekana humsaidia mlaji kujua anachukua kiasi gani. Kamulia ndimu, ongeza kijiko cha mafuta ya kula, funika, na iache ikae wakati nyama inamalizia kuiva. Onja kwa njiti. Ikiwa imezidi, ongeza nyanya iliyobanikwa, si maji. Itumie siku hiyo hiyo.

Nyama ikibaki, ifungwe peke yake na chachandu peke yake. Mifupa omba pia. Kesho asubuhi ichemshe polepole kwa maji, chumvi na kitunguu, upate supu. Ukiitia pilipili, itie kwenye bakuli lako na siyo kwenye sufuria, na ukoroge hadi chini kabla ya kunywa. Mafuta huelea juu na kupanda na kapsaisini yote, kwa hiyo asiyekoroga hupata ukali wote katika funda la kwanza, na chini akabakiwa na maji ya chumvi.